Sapu, kifaranga wa chumba namba mbili

Kimya changu kimekuwa kirefu kidogo mpaka wengine wameanza kunitumia meseji wakiuliza kama nimedisko kimyakimya, hahaha. Bado nipo sana. Ukweli ni kwamba wiki kama sita zilizopita nilipata mgeni chumbani, na mgeni mwenyewe alikuwa anaenea ndani ya kikombe cha chai na nafasi inabaki.

Leo siongelei boom wala lekcha. Naongelea kifaranga. Najua kuna watu wataguna, "mtu mzima, mwaka wa tatu Education, Kiswahili na Historia, anaandika habari za kifaranga". Guneni tu, ila someni mpaka mwisho, maana huyu kiumbe amenifundisha kitu ambacho nilikuwa nakijibia mtihani bila kukiona kwa macho.

Wale mnaonifahamu mnajua sikai hosteli. Nimepanga Ng'ong'ona na rumeti wangu anayesoma uuguzi, nyumba ya vyumba sita, uani kuna bomba, choo na banda la kuku la Mama mwenye nyumba. Kuku wake ni wa kienyeji, wanajitafutia wenyewe mchana na jioni wanarudi. Sasa bwana, kulikuwa na tetea mmoja mweusi aliyeatamia mayai 11 ndani ya beseni la plastiki lililopasuka, chini kumewekwa majani makavu kidogo tu. Siku ya 21 mayai yakaanza kuanguliwa, wakatoka tisa. Kesho yake asubuhi mama kuku kashuka na wanane, anawatembeza uani kwa maringo. Wa tisa kabaki kwenye beseni.

Nilipochungulia nikaelewa kwanini kabaki. Mguu mmoja ulikuwa umeelekea mashariki na mwingine magharibi, kama mtu aliyepiga msamba halafu akashindwa kurudi. Majani yalishasogea pembeni, kwa hiyo kila akijaribu kujiinua anateleza kwenye plastiki na kuanguka kwa kifua. Halafu vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimejikunja kwa ndani kama ngumi. Lakini mdomo ulikuwa unafanya kazi jamani! Alikuwa analia kwa sauti ambayo huwezi kuamini inatoka kwenye mwili ule.

Mama mwenye nyumba akaja na ndoo yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, umeamkaje? Umekiona hiki? Hiki hakina maisha. Ngoja nikawape paka."

Msimwone mkatili. Mama anafuga kuku tangu hatujazaliwa na mayai hayo hayo ndiyo yamesomesha watoto wake. Jana yake jioni alishajaribu kumrudisha chini ya mama yake, tetea akamdonoa kichwani mpaka akatoka damu. Wahenga walisema teke la kuku halimuumizi mwanawe, ila nadhani hawakumuona huyu mweusi.

Nikamwambia, "Mama naomba nikae naye mimi."

Akaniangalia kama ananihurumia. "Chukua mwanangu, lakini kikifa usije kunililia hapa." Akacheka, akaenda zake.

Rumeti alipoamka akakuta boksi la biskuti juu ya meza na kelele ndani yake. Akafungua, akaangalia ile miguu, akatoa hukumu kama vile yeye ndiye mkuu wa kitivo: "Mwana, huyu kadisko."

Nikamjibu, "Hajadisko. Ana sapu."

Basi jina likapatikana hapo hapo. Sapu. Na kuanzia hapo nikaona nimeacha kusema "hiki", nasema "huyu". Wenzangu wa Kiswahili mnajua mambo ya ngeli, ila siku ile nilisikia kabisa tofauti yake mdomoni. Hiki unampa paka. Huyu unamtafutia dawa.

Mchana nikaenda duka la dawa za mifugo. Yule kaka wa pale ni bwana mifugo kweli, hakunicheka hata kidogo. Akaniuliza ana umri gani, nikamwambia siku mbili. Akasema vizuri, umewahi, kwa sababu mifupa na kano za kifaranga siku za mwanzo bado ni laini na zinakubali kunyooshwa, ukichelewa wiki moja au mbili zinakomaa vile vile zilivyo. Akaniambia miguu kutawanyika namna ile kunaweza kuletwa na mengi: joto au unyevu wa yai kutokuwa sawa, kifaranga kuhangaika sana kutoka kwenye yai, mama kukosa virutubisho, lakini sababu kubwa mojawapo ni sakafu inayoteleza. Kifaranga anazaliwa hana nguvu, anakanyaga kitu laini, miguu inakimbia kila mmoja upande wake na inazoea hivyo. Hapo nikakumbuka lile beseni.

Vidole vilivyojikunja akasema mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, akaniuzia pakiti ya vitamini za kuchanganya kwenye maji. Nikamuuliza kama Sapu ataishi maana hajala kitu tangu jana. Akanipa somo nililolipenda sana. Kumbe kifaranga akikaribia kutoka kwenye yai anavuta kiini chote kilichobaki kinaingia tumboni mwake, na kiini hicho kinaweza kumtunza siku mbili hadi tatu bila kula wala kunywa. Ndiyo maana vifaranga vya siku moja vinasafirishwa kwenye mabasi kutoka Dar mpaka mikoani ndani ya maboksi yenye matundu na vinafika vizima. Yaani mama anakufungashia chakula cha safari kabla hujaiona dunia. Lakini baada ya hapo, begi limekwisha.

Usiku tukaingia kazini. Rumeti ndiye aliyekuwa daktari bingwa, mimi nesi msaidizi. Akakata utepe mwembamba wa plasta ya vidonda, akazungusha mguu mmoja, akaacha nafasi kidogo katikati, akazungusha mwingine, ili miguu ikae chini ya mwili kwa upana wake wa kawaida. Ikiwa karibu sana hawezi kusimama, ikiwa mbali sana hujafanya kitu. Zile sehemu zinazonata tukazigusanisha zenyewe kwa zenyewe zisishike manyoya. Kwa vidole tukamtengenezea kiatu: kipande cha karatasi ngumu ya boksi, vidole tukavinyoosha juu yake kimoja kimoja, plasta juu. Alilia kama anachinjwa. Rumeti akasema "vumilia mgonjwa wangu" kwa sauti ile ile anayotumia wodini, nikacheka mpaka nikakosa nguvu za kumshika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sasa huyu mgeni wetu alikuwa na kamba na kiatu kabisa.

Chini ya boksi tukatoa magazeti (nayo yanateleza) tukaweka taulo langu la zamani. Maji kwenye kifuniko cha chupa, ndani tukatia changarawe ili akiangukia kichwa asizame. Chakula cha vifaranga, kidogo kidogo, pembeni ya mdomo.

Tatizo likawa joto. Wadau wa Dodoma mnaujua upepo wa mwezi wa sita, sina haja ya kueleza. Kifaranga wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto kama 35, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka manyoya ya kweli yaote. Ndugu zake walikuwa chini ya mbawa za mama, yeye ana mimi. Balbu hizi za kisasa za LED hazitoi joto la maana, ikabidi nitafute balbu ya njano ya wati 60. Usiku wa kwanza ikawaka mpaka asubuhi, na Luku yetu ni ya nyumba nzima. Piga hesabu: wati 60 kwa saa 24 ni karibu yuniti moja na nusu. Asubuhi dada wa chumba namba nne kasimama mlangoni na kanga yake kifuani: "Samahani kaka, hivi umeme wa kifaranga nao tunachangia?"

Alikuwa na haki yake, sikubishana. Tukahamia kwenye chupa. Tunachemsha maji, tunajaza chupa mbili za lita moja na nusu, tunazivisha soksi, tunaziweka pembeni ya boksi na kanga juu. Zinashika joto saa tatu hivi. Kwa hiyo alamu ya saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili. Jiko la mkaa hatukuliingiza ndani kabisa, kwa sababu moshi wake usioonekana unaua watu, sembuse kifaranga. Rumeti akachukua zamu ya saa tisa bila kuombwa. Akasema wodini amezoea.

Usiku huo nilijifunza lugha nyingine. Kifaranga mwenye baridi au mpweke analia kwa sauti kali na ndefu, kila mlio unashuka mwisho. Akipata joto sauti inakuwa ya kuparazaparaza, nyembamba, kama mtu anayejisemesha kabla ya kulala. Nilikuwa namaliza kusoma noti za Historia nikisikiliza sauti hiyo, na ikinyamaza kabisa moyo unapiga paa. Nafungua kanga, namgusa kifua. Anapumua. Naendelea na noti.

Siku ya tatu alikataa kula. Analala tu, kichwa chini, macho nusu. Nyuma alikuwa ameganda kinyesi kikaziba kabisa, tukamsafisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Bado akawa kimya. Rumeti akasema kwa upole, "Mwana, jiandae." Mimi nikatoka nje nikakaa juu ya ndoo. Hapo Mama mwenye nyumba akaniona.

"Bado kizima?"

"Kizima mama, ila hakili."

Hakusema kitu. Akaenda bandani, akarudi na kifaranga mmoja wa kahawia, ndugu yake kabisa, akanikabidhi. "Kuku hali peke yake," akasema. "Anamwangalia mwenzake."

Wadau, nawaambia kweli, haikupita nusu saa. Yule wa kahawia akaanza kudonoa taulo, tak tak tak, na Sapu akainua kichwa. Akatazama. Akajivuta kwa kifua, na yeye akadonoa. Mimi na rumeti tukaangaliana kama watu waliofunga goli dakika ya tisini. Vitamini zote zile, chupa zote zile, kumbe alikuwa anahitaji mwenzake wa kumuiga. Na ushauri umetoka kwa mtu yule yule aliyetaka kumpeleka kwa paka.

Kila siku tulikuwa tunaikagua plasta na kuilegeza maana kifaranga anakua haraka. Kiatu kilitoka siku ya nne, vidole vimenyooka vitatu, kimoja kimebaki na kona kidogo. Siku ya sita tukakata kamba. Akasimama. Akayumba, akarudi nyuma hatua mbili kama mlevi, akasimama tena. Taulo halitelezi. Halafu akakimbia kutoka upande mmoja wa boksi hadi mwingine bila sababu yoyote ya msingi. Rumeti akapiga kelele mpaka dada wa chumba namba nne akaja, na yeye akapiga kelele. Sapu kafaulu!

Ningeweza kuishia hapa na ingekuwa stori tamu. Ila haikuishia hapo.

Wiki ya pili nikaona mdomo wake umekaa vibaya. Mwanzoni nilidhani ni kivuli. Baada ya siku tatu hakukuwa na ubishi, mdomo wa juu unaenda kushoto na wa chini unaenda kulia, kama mkasi uliofunguka. Nikarudi dukani na plasta mkononi kabisa, nimejiandaa. Yule kaka akamshika, akamgeuza, akamwangalia muda mrefu. Akaniambia hii haifungwi plasta. Mdomo uliopishana haurudi, na kadiri anavyokua ndivyo unavyozidi kuachana. Mara nyingi ni kitu cha kuzaliwa nacho, hata kama hakionekani siku ya kwanza, na kuku wa hivyo hashauriwi kuzalishwa.

"Sasa nifanyeje?"

"Mdomo uache. Badilisha chombo."

Akanieleza. Kuku wa kawaida anaokota punje chini kwa ncha mbili za mdomo zinazokutana. Za Sapu hazikutani. Ukimwagia chakula chini atadonoa siku nzima na atakufa na njaa akiwa amezungukwa na chakula, watu wakidhani anakula. Mpe chombo chenye kina, chakula kilichoroweshwa, aweze kuchota kama kijiko. Na kwa kuwa ncha hazisuguani zitarefuka, basi kila baada ya muda mpunguzie kidogo na tupa ya kucha.

Nilirudi kwa miguu nikiwa nimenuna. Nilikuwa nimeizoea ile habari ya kunyoosha. Nilitaka Sapu atoke kwangu akiwa kama wenzake wanane, mtu asijue kama aliwahi kuwa na tatizo. Sasa naambiwa kuna kitu hakitanyooka kamwe, na kazi yangu siyo kukinyoosha.

Hapa ndipo lile somo letu la elimu maalumu liliponirudia. Mnakumbuka lile swali ambalo halikosi kwenye test, la kutofautisha kumtibu mwanafunzi na kumrekebishia mazingira? Nimelijibu mara mbili na maksi nikapata. Tunataja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, tunaandika kwamba Tanzania iliuridhia mwaka 2009, tunamalizia na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, tunapiga mstari, tunageuza karatasi. Lakini kwa miguu ya Sapu plasta ilikuwa sahihi, na asingepata siku zile za mwanzo angekuwa kilema maisha yake yote. Kwa mdomo wa Sapu plasta ingekuwa mateso ya bure. Mwili mmoja, kifaranga mmoja. Mwalimu anatakiwa ajue lipi ni lipi, na ajue mapema.

Nikamkumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili kwenye shule niliyofanyia TP mwaka jana. Walimu waliokuwepo walimwita mzito. Ukimuuliza swali anaangalia dirishani, ukirudia anatabasamu. Alikuwa ameshachapwa, ameshawekwa remedio ya jioni, ameshaitiwa mzazi. Mama mmoja mzee, mwalimu wa Jiografia anayekaribia kustaafu, ndiye aliyegundua kwamba sikio lake la kushoto halisikii, na dawati lake lipo kwenye kona ambayo sikio zima limeelekea ukutani. Akamhamisha upande wa pili, mbele. Basi. Hakumrekebisha yeye, alirekebisha dawati. Nilipoondoka yule kijana alikuwa ananyoosha mkono. Alikuwa amezungukwa na masomo miaka yote ile, kama Sapu na punje za chini.

Sapu sasa ana wiki sita. Ni jogoo, hilo halina ubishi tena, upanga wa kichwani umeanza kuonekana. Anatembea vizuri, kile kidole chenye kona hakimsumbui. Tulimrudisha kwa ndugu zake akiwa na wiki nne, wakampiga siku mbili, yule wa kahawia akawa karibu naye, yakaisha. Ni mdogo kuliko wote na kifua chake kinakuwa kichafu kila akila, maana nusu ya chakula anajimwagia. Mdomo umeachana zaidi. Ukimuona kwa mara ya kwanza utashtuka kidogo.

Sasa mimi wiki ijayo UE zinaanza, halafu naenda TP ya mwisho mkoa mwingine kabisa. Nilikuwa silali nikiwaza nani atamrowekea chakula. Juzi jioni nikajipa moyo nikamfuata Mama mwenye nyumba, nimeandaa maneno mazuri kabisa. Kabla sijafungua mdomo nikaona nyuma ya mlango wa jiko kuna kikombe cha plastiki cha bluu kilichokatwa ukingo, ndani pumba imerowekwa.

"Hicho cha nini mama?"

"Cha yule mlemavu wako," akasema bila kuniangalia. "Wewe ukiwa kwenye mitihani unafikiri alikuwa anakula nini mchana?"

Nikashindwa cha kusema. Akaendelea kuchambua mchele wake. Halafu akaongeza, "Lakini mwalimu, usijidanganye. Krismasi nitamchinja kama wenzake."

Nikacheka, na roho ikaniuma kidogo, sikatai. Ila nimelifikiria lile neno "kama wenzake" njiani kwenda chuo, na sijaona cha kulalamikia. Kuku wa kienyeji Ng'ong'ona mwisho wake unajulikana, ukiacha mwewe na mapikipiki. Sapu atakuwa amekimbia uani, amepigana, amekula akashiba kwenye kikombe chake, na amewika. Wiki hii ameanza kujaribu kuwika alfajiri, sauti inatoka upande upande kama baragumu lililopasuka, na nyumba nzima tunaamka. Dada wa chumba namba nne anasema anatuamsha tusome.

Haya wadau, ngoja nirudi kwenye noti, Jumatatu siyo mbali. Mkiwa na kuku nyumbani wanaoatamia, wekeni majani ya kutosha chini, au gunia, kitu cha kushika miguu. Na wale mnaokwenda TP mwaka huu, kabla hamjamwita mtu mzito angalieni kwanza amekaa wapi. Tuombeane heri kwenye mitihani, na asiyebahatika asikate tamaa, sapu zipo.